Mikono Nyuma ya Pazia

Mama Esta alikataa kutoka chini ya lile sweta.

Alikuwa amekaa pale tangu jana mchana, kwenye kigoda, ndani ya ghala la zamani la kukamulia alizeti huko Unyambwa. Usiku mlinzi alimfunika blanketi. Asubuhi alikuja polisi mmoja, akaliangalia sweta, akamwangalia mama mwenyewe, akamshauri arudi kwao Sepuka akapumzike. Polisi wa pili alikuwa Inspekta Martina Mazengo, na yeye hakushauri kitu. Alivuta kigoda kingine, akakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Mimi ni mpelelezi. Hilo sweta ni la nani?"

"La Agnes. Mwanangu wa pekee. Esta ni jina langu mwenyewe."

Martina aliinua macho. Kutoka kwenye kenchi za paa vilining'inia vitu mamia kwa nyuzi ndefu: kofia, viatu vya mguu mmoja mmoja, redio isiyo na betri, mkongojo, chupa ya chai iliyopoteza kifuniko. Kila kimoja kilikuwa cha mtu aliyeaga nyumbani kwamba anarudi, akawa hajarudi. Watu walikuwa wamevileta wenyewe, kutoka Ikungi mpaka Manyoni, kwa mwaliko wa msanii mmoja aliyezaliwa huku na kuzunguka dunia. Aliyetaka aliingia, akachagua kigoda, akasema na mtu wake. Upepo wa Juni ulipenya kwenye mianya ya mabati na vitu vyote vikawa vinageuka taratibu. Ghala bado lilinuka mashudu ya alizeti.

"Una hakika ni lake?"

"Nimelifuma kwa mikono yangu. Sufu ya kijani iliniishia, mkono wa kushoto nikaumalizia kwa ya kahawia. Angalia."

Martina aliangalia. Mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko, ulikuwa wa kahawia.

"Mara ya mwisho alilivaa lini?"

"Siku aliyopotea, mwaka juzi. Alikuwa ameolewa Mtinko. Jirani alimwona asubuhi akiteka maji, amelivaa. Mchana tukaambiwa ametoroka na dereva wa lori."

"Nani aliwaambia?"

"Mumewe. Festo."

"Nawe ulikubali?"

Mama Esta alinyoosha khanga yake magotini. "Mimi nilikuja hapa na kilemba chake cha kipaimara. Nilitaka nikikabidhi, nikae, nimwite jina, nirudi nyumbani. Nikainua kichwa, nikaliona. Mwanangu anaweza kuwa Dar, anaweza kuwa Zambia. Lakini sweta haliwezi kurudi Singida peke yake."

Martina alivaa glavu, akakata uzi. Sweta lilikuwa limefuliwa, limekunjwa siku nyingi mpaka mikunjo ikabaki. Aliligeuza ndani nje. Mgongoni, chini kidogo ya bega, palikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja, nao ulikuwa umezibwa kwa mishono midogo iliyobanana. Uzi wenyewe ulikuwa wa buluu, wa plastiki, wa kunyofoa kwenye kiroba cha sandarusi. Kwenye mshono wa bega, mahali ambapo sabuni haifiki vizuri, palikuwa na doa jeusi kama kutu.

"Huu mpasuko unaujua?"

"Hapana." Mama alitazama mara moja tu, akageuza uso. "Haukuwepo."

Martina alilitia sweta kwenye mfuko wa vielelezo. Mtu aliyeua huchoma nguo, au huizika, au huitupa chooni. Huyu alikuwa ameifua, akaishona, akaitunza, kisha akaja kuitundika mbele ya watu. Kwa hiyo aliyelileta hakuwa aliyeua. Alikuwa mtu anayemfahamu muuaji, na anayemwogopa.

*

Msanii alimpokea kwenye chumba kidogo nyuma ya ghala. Eliana Mughwai alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, kichwa amenyoa. Kulikuwa na kitanda kimoja, sufuria moja, kikombe kimoja, na kuta zilizojaa mabango ya maonyesho yake kwa lugha za watu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, afande. Karibu."

Martina alisoma kuta kwanza, kama alivyozoea kusoma chumba chochote. Picha moja ilionyesha kiti cha kinyozi kando ya barabara, na foleni.

"Hiyo ni Kampala," Eliana alisema. "Unanyolewa na mtu usiyemjua, kisha nawe unamnyoa anayekufuata. Ile pale Ujerumani. Walinipa ukumbi mzima wa makumbusho. Nikawagawia watu sindano, wakashonana mikono ya makoti, mgeni kwa mgeni, mpaka ukumbi wote ukawa koti moja. Nilianza kwa kuchora twiga nikiwauzia watalii Arusha. Nikachoka. Picha ya twiga haihitaji mtu. Mimi nataka kazi ambayo mtu asipoingia, haipo."

"Mbona wewe mwenyewe humo kwenye picha hata moja?"

Eliana alicheka kidogo, bila sauti. "Kazi ikishaanza, mimi sina kiti."

"Na hapa?"

"Hapa ndipo mara ya kwanza nimejiwekea kiti. Njoo."

Alimwonyesha pazia zito la kitani, limegawanya kona ya ghala, na upenyo katikati. Mleta kitu huingia kwa mlango wa nyuma, akakaa upande mmoja. Eliana hukaa upande wa pili. Kitu hupita kwenye upenyo, na Eliana humshika mletaji mkono, wakakaa hivyo kimya mpaka mwenyewe atakapouachia. Kisha mtu huondoka kwa mlango ule ule. Jina haliulizwi, wala haliandikwi popote.

"Watu wanadhani kazi ni vile vitu vilivyoning'inia," alisema. "Vile ni maganda. Kazi ni hii."

"Basi mkono ulioleta sweta uliuona."

"Niliuona."

"Unaweza kuuchora?"

"Hata nikiwa nimefumba macho."

"Nichoree."

"Hapana, afande."

"Dada, mwenye hili sweta amekufa."

"Hujui kama amekufa."

"Aliyelileta anajua."

Eliana alilishika pazia kama mtu anayeshika mlango usifunguke. "Nikikuchorea huu, keshokutwa utakuja kutaka mwingine. Humu wamepita wake waliokimbia waume, wamepita wezi wa ng'ombe, wamepita wazazi waliowafukuza watoto. Walinipa mikono kwa sababu hapakuwa na macho."

"Naweza kulifunga hili ghala leo."

"Lifunge. Mkono hutaupata kwa kufuli."

Wakatazamana. Nje, Koplo Elisha, dereva wa Martina, alikuwa akiwafukuza mbuzi waliokuwa wanalamba magurudumu ya gari.

"Nitakuambia neno moja tu," Eliana alisema mwishowe. "Wengine wote huachia upesi, aibu inawashika. Huyu hakuachia. Niliyeuvuta mkono ni mimi, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na foleni. Ilikuwa siku waliyokuja kina mama wa kwaya."

"Kwaya ya wapi?"

Eliana alifumba mdomo, akijua amekwisha kusema zaidi ya alivyotaka. Haikuwa kazi ngumu. Mlinzi wa getini alikumbuka vizuri: kina mama wa kwaya waliwahi kuja mara moja tu, wamesimama kwenye fuso, wakiimba njia nzima. Walitoka Mtinko.

*

Siku hiyo ilikuwa ya gulio Mtinko. Martina alipita katikati ya marundo ya vitunguu na matenga ya kuku akimtafuta Hosea, dereva aliyesemwa kumtorosha Agnes. Kwa mujibu wa jalada la mwaka juzi, hakuna askari aliyewahi kumhoji. Kesi ilionekana ni ya mapenzi, ikafungwa. Mtu anayesafirisha viroba asingekosa nyuzi za sandarusi, na mtu aliyekimbia na mwanamke angeweza kuwa ndiye aliyemmaliza njiani.

Alimkuta amekaa peke yake kwenye banda la mama lishe, mgongo ukutani, anakula wali kwa kijiko. Mabenchi mengine yote yalijaa watu. Benchi lake lilikuwa tupu.

"Hosea?"

"Ndiye mimi. Kama ni habari za mke wa Festo, kaa chini, maana nimengoja mtu aniulize."

"Ulimpeleka wapi?"

"Afande, siku ile nilikuwa Itigi. Ekseli ilikatika, nikalala chini ya gari siku mbili. Fundi yupo hai, namba yake hii. Niliporudi nikakuta nimekwisha kuwa mtoroshaji. Mke wangu akachukua watoto akaenda kwao. Tajiri akanipokonya gari. Sasa nabeba mizigo niliyokuwa naiendesha."

Elisha alisogea pembeni na simu. Alirudi, akaitikia kwa kichwa: fundi alikumbuka, hata kreni waliyokodi aliikumbuka.

Martina hakuinuka. Aliagiza chai.

"Festo alikuja kwako kukuuliza?"

"Kuniuliza nini?"

"Mke wake. Umemficha wapi, unamrudisha lini. Alikuja na panga? Na wazee? Hata na matusi?"

Hosea aliacha kijiko kikaelea hewani. "Hajawahi," alisema polepole, kama mtu anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza ingawa linatoka kinywani mwake. "Tunakutana hapa hapa gulioni kila wiki. Ananipita kama nguzo ya umeme."

Martina alikunywa chai yake mpaka mwisho. Aliyeibiwa mbuzi huzunguka vijiji vitatu akiuliza. Festo alikuwa ameibiwa mke, na hakubisha hodi kwenye mlango hata mmoja. Mtu hatafuti kitu ambacho anajua kilipo.

*

Nyumba ya Festo ilikuwa nje ya kijiji, nyuma ya majabali, nyumba ya tembe iliyoezuliwa nusu na kuwekwa bati. Hakukuwa na jirani wa karibu. Mwanamume wa miaka thelathini na tano alikuwa akichonga mpini wa jembe kivulini. Karibu na jiko, mwanamke mzee alipepeta mtama, hakuinua uso.

"Shikamoo, mama."

Mzee alifungua kinywa, lakini aliyejibu ni mwanawe. "Hasikii vizuri. Karibuni. Mmemkamata yule dereva?"

"Bado," Martina alisema. "Nimekuja kuuliza kama mkeo aliwahi kupiga simu."

"Hata siku moja. Mimi nimekwisha samehe."

Alisimama kuwaletea viti, na alipowapa mgongo Martina akaliona shati lake. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimechanika, kikazibwa kwa uzi wa buluu wa sandarusi, mishono midogo iliyobanana kama meno ya mtoto. Aliyelishona shati lile ndiye aliyelishona sweta.

Angeweza kumfunga pingu pale pale. Halafu? Shati lililoshonwa haimpeleki mtu mahakamani kwa mauaji, na mwili haukuwepo. Kama angelitaja sweta mbele ya Festo, wao wangeondoka na mzee angebaki naye. Martina alikubali kiti, akauliza maswali ya upuuzi kuhusu lori, rangi yake, njia iliyopita. Festo alijibu yote bila kusita. Mama yake, aliyeitwa Martha, aliendelea kupepeta, ingawa ungo ulikuwa umebaki mtupu.

Wakati wa kuaga, Martina alipaza sauti kidogo, akimtazama Festo usoni.

"Mama yake Agnes yupo Unyambwa, kwenye ghala la yule msanii. Amekwenda kumlilia mwanawe. Kesho atakaa nyuma ya pazia, yeye mwenyewe, awapokee wanaompa pole. Kina mama wa Mtinko wamealikwa."

"Mama haendi popote," Festo alisema. "Miguu yake mibovu."

"Sikumwambia yeye," Martina akajibu. "Nimetoa taarifa tu."

Jioni hiyo Eliana aliambiwa mpango huo, akaukubali kwa masharti mawili: hakuna askari upande wa mlango wa nyuma, na mwenye kuamua kama mletaji ajulikane ni mletaji mwenyewe. Martina aliyakubali yote mawili, ingawa mkuu wake wa upelelezi angemcheka.

*

Kesho yake Mama Esta alikaa kwenye kiti cha Eliana tangu asubuhi. Martina alikaa ubavuni pake, mahali ambapo angeona upenyo wa pazia na si zaidi. Eliana mwenyewe alitoka nje kabisa, akaenda kukaa juu ya jiwe.

Wanawake wachache walikuja, wakatoa pole, wakaenda. Kisha muda mrefu hakuja mtu. Elisha alichungulia mara mbili, akatikisiwa kichwa mara mbili. Jua lilikuwa limepita utosini pale mlango wa nyuma uliposikika ukifunguka. Hatua zilikuja kwa kuburuta. Upande wa pili kiti kililia.

Mkono ulipita kwenye upenyo. Ulikuwa mkavu, mzee, kidole cha mwisho hakikunyooka. Haukubeba kitu.

Mama Esta aliushika kwa mikono yake yote miwili.

Mkono ule ulikaza vidole, na Mama Esta hakuuachia.

"Ni mimi, mkwe," sauti ilisema.

"Nimekujua."

"Nilishindwa kulichoma. Aliniambia nichome."

Martina aliona mabega ya Mama Esta yakikaza. Alisogeza mkono kwenye ukingo wa kiti chake, tayari kuinuka, kisha akautuliza.

"Mwanangu yuko wapi, Martha?"

"Alitaka kurudi kwenu. Kulikuwa na upepo, akavaa sweta. Akaniaga vizuri, akaniambia mama nitakuja kukuona. Akapita uani. Yule akamfuata na jembe." Sauti ilikatika, ikarudi. "Nilikuwa jikoni. Nilisikia mara moja tu."

"Yuko wapi?"

"Kwenye kisima kikavu, cha baba yake. Amepafukia, akajenga zizi juu yake. Kila asubuhi nafungulia mbuzi pale. Kila asubuhi namwambia shikamoo mwanangu, mimi mzee, namwamkia yeye."

Mama Esta aliinamisha uso mpaka paji likagusa ile mikono mitatu. Alitoa sauti ndogo, si kilio, kama ya mtu anayetua mzigo mzito asiyejua kama mgongo utanyooka tena. Baadaye akasema, "Kwa nini hukuja kwangu? Mwaka juzi?"

"Ni mwanangu. Sina mwingine."

"Nami sikuwa na mwingine."

Na Martina, ambaye katika kazi yake alikuwa amesikia maungamo mengi, ya kulewa, ya kupigwa, ya kujisifu, hakukumbuka hata moja lililomfanya atazame sakafu.

Mwishowe Mama Esta alisema, "Hapa yupo polisi, mkwe. Ukitaka, toka kwa mlango ulioingilia. Hatakufuata. Ameahidi."

Kisha pazia likasogezwa kutoka upande ule, na bibi Martha akasimama mbele yao, mdogo kuliko alivyoonekana nyumbani kwake, vumbi mpaka magotini.

"Yupo kwenye mnada wa ng'ombe mpaka jioni," alimwambia Martina. "Andika, mwanangu. Nikikaa nitaogopa."

Martina aliandika. Aliuliza kila jambo upya, taratibu, kama sheria inavyotaka, na mzee akaweka dole gumba mwishoni.

Walipotoka, Eliana aliingia ghalani na kuanza kulifungua pazia kwenye vishikizo vyake.

"Watakuja wengine, dada," Martina alisema.

"Nyuma ya pazia alipokaa polisi?" Hakusema kwa hasira. Alilikunja pazia, upande kwa upande, kwa uangalifu. "Hapana, afande. Hii imekwisha. Ulifanya vizuri, na imekwisha."

*

Festo alikamatwa mnadani, ameshika kamba ya ng'ombe. Hakupigana. Aliuliza swali moja, nani amesema, askari wakimfunga pingu.

Walifukua mpaka jua likaanza kushuka. Waliondoa nguzo za zizi, wakachimba udongo uliolainika kwa samadi, na daktari wa wilaya alipoinua mkono kuwazuia, Martina alikwenda mwenyewe kumwita Mama Esta aliyekuwa amekaa nyuma ya majabali. Bibi Martha alikuwa amekaa mbele ya mlango wa nyumba yake. Mama wale wawili hawakusemezana tena. Waliyokuwa nayo ya kusema yalikuwa yamebaki kule Unyambwa.

Gari lililombeba Festo lilisimama uani kidogo, kusubiri lile la daktari lipishe njia. Alikuwa amekaa nyuma kati ya askari wawili. Mama yake aliinuka, akaenda mpaka dirishani.

"Umekula?" akamwuliza.

Festo alitazama mbele. Gari likaondoka.

Mama Esta aliondoka na gari la daktari, pamoja na mwanawe. Makundi ya watu waliokuja kutazama yakatawanyika, kila mmoja akashika njia yake. Wakabaki Martina, Elisha na yule mzee.

"Bibi, una ndugu gani tukupeleke ulale?" Martina aliuliza.

"Ndugu gani?" alisema bibi Martha, na halikuwa swali. "Mbuzi bado wapo porini. Zizi mmelibomoa. Nitawaingiza ndani."

Alichukua fimbo iliyoegemezwa ukutani, fimbo ndefu kuliko yeye, akaelekea kwenye vichaka vya nyuma ya nyumba. Martina aliingia garini. Elisha aliwasha gari. Kupitia kioo walimwona mzee amesimama kwenye kilima, mkono kinywani, akiita. Upepo uliikatakata sauti yake, ikawafikia vipande vipande.

Mbuzi waliinua vichwa, wakamtazama. Jioni walikuwa wamezoea kuitwa na Festo. Mmoja alirudi kula, kisha wote.

Mzee aliita tena.

"Zima gari," Martina akamwambia Elisha, akafungua mlango.